Gari Hupendwa Likishaharibika

Nagoya, Japani

Ndugu zangu wa Dodoma, pamoja nanyi wa Bahi, Kongwa na Chamwino, na ninyi wageni mliohamia Mtumba mkiifuata Serikali, salamu zenu zimefika, na nyuma ya salamu, kama ilivyo desturi kwa mtu aliye ughaibuni, imefika orodha: mjomba anataka Noah, shangazi anataka IST, na shemeji anataka "Toyota yoyote, mradi isinywe mafuta". Orodha nitaijibu mwishoni. Kwanza niruhusuni nibishane na imani iliyojificha ndani yake, kwamba kwa kuwa magari huzaliwa huku, basi na wapenzi wa magari wako huku. Nagoya iko karibu na mji uitwao Toyota, ambao mpaka mwaka 1959 uliitwa Koromo, ukakubali kubadili jina kwa heshima ya kiwanda. Kama kuna mahali pa kuipima imani hiyo, ni hapa. Ninachodai ni kwamba Wajapani hulitunza gari kuliko binadamu wengine wote, ila wenye mapenzi nalo ni ninyi.

Tuanze na hayo matunzo, maana si ya hiari. Gari jipya la abiria hupewa miaka 3 ya kustarehe, halafu kila baada ya miaka 2 lazima lipite ukaguzi uitwao shaken, uliowekwa na sheria ya mwaka 1951. Breki hupimwa juu ya rola, taa huangaliwa zinamulika wapi, moshi hupimwa kwa mashine, na mkaguzi huingia uvunguni na kinyundo chenye mpini mrefu, akigonga nati mojamoja na kusikiliza mlio. Ukijumlisha ada, bima ya lazima, marekebisho na kodi ya uzito, gari la kawaida huvuka yeni laki moja bila kutoka jasho. Ndiyo, kodi ya uzito: gari hutozwa kwa kila nusu tani. Ng'ombe wa mnada wa Msalato naye huthaminiwa kwa unene wake, lakini akizeeka bei hushuka. Gari la Japani likitimiza miaka 13 kodi hupanda, na likitimiza 18 hupanda tena. Na hayo ni ya mtu aliyekwisha kulipata. Anayetaka kulisajili huombwa na polisi athibitishe kwamba ana mahali pa kulilaza, ndani ya kilomita 2 kutoka nyumbani kwake, na ramani aichore. Fikirieni sharti hilo likiletwa Chang'ombe au Majengo, ambako gari hulala penye nafasi na ulinzi wake ni mbwa wa jirani.

Kwa utaratibu huo, mwenye gari wa huku huliangalia gari lake kwa jicho la mhasibu. Shaken ikikaribia anachukua kalamu, anapiga hesabu, na gari ambalo halijawahi hata kukohoa linapelekwa mnadani. Kwa wastani gari la abiria hufutwa kwenye daftari la Japani likiwa na miaka 13 hivi, umri ambao kwenu ndio kwanza linavishwa namba E na kuitwa jipya. Wakenya hulikataa likipita miaka 8. Tanzania hulipokea, ikalitoza ushuru wa uchakavu, ikaliacha lipande zake Morogoro na Gairo. Kwa hiyo mnapomsifu Mjapani kwa kuwaletea gari zima, kumbukeni kwamba hajawaletea kwa ukarimu. Amelikimbia likiwa zima kwa kuogopa bili. Mtu anayemwacha mwenzake siku ileile daktari anapoandika tarehe ya kumpima, mimi simwiti mpenzi.

Sasa litazameni gari hilohilo likifika kwenu. Asubuhi ya kwanza linawashwa, na sauti ya mama mpole inasema kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Itasema hivyo kila asubuhi, mwaka mzima, mbele ya watoto wa shule, na hakuna anayeikasirikia. Redio yake ya FM inaanzia 76 na kwa magari mengi inaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za nyumbani hazishikiki mpaka mtu wa umeme afunge kile kidude cha kupandisha masafa. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kikaratasi cha oili kilichoandikwa Heisei 24. Wengine hudhani ni toleo la injini, kumbe ni mwaka 2012 kwa hesabu ya utawala wa mfalme wao wa wakati huo. Gari limekuja na kumbukumbu zake zote, na ninyi mnaishi nazo. Hata hali ya hewa inalifaa. Kaskazini mwa Japani barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi ile hula chuma kuanzia uvunguni. Dar es Salaam bahari huimalizia kazi hiyo. Dodoma, yenye mvua ambayo kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, bodi hupata pensheni. Kinacholiumiza ni vumbi, na vumbi adui yake ni fundi mwenye pampu ya upepo na subira ya kupuliza filta.

Huyo fundi ndiye shahidi wangu mkuu. Chini ya mwarobaini, bila kompyuta, anashika bisibisi ndefu, anaiweka ncha yake juu ya injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, kisha anasema: "Bearingi ya altaneta." Anaifungua altaneta, anabadilisha bearingi na kabon, anasuka waya upya, na kifaa ambacho Nagoya kingetupwa kizima kinarudi kazini kwa bei ya chakula cha mchana cha huku. Na mwenye gari yupo pale muda wote, kwenye benchi, akishika tochi, akitumwa spea, akiuliza maswali, akibishana kuhusu ringi feki na orijino. Jioni anarudi nyumbani anajua thamostati iko wapi na kwa nini kuitoa si dawa ya gari kuchemsha, ingawa fundi mwingine wa mtaa wa pili atamwambia itolewe tu. Mwenzake wa Japani huacha funguo kaunta, hunywa kahawa ya bure, hupewa risiti ya kurasa nyingi na kuinamiwa mpaka barabarani. Miaka kumi anaweza kuwa na gari na asijue rangi ya oili yake.

Kwenye pikipiki mambo ni yaleyale, ila yanachekesha zaidi. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, pikipiki iliyobuniwa makusudi kwa nchi ambako matunzo ni ya kubahatisha: vali zinasukumwa kwa fito ili pasiwe na cheni ya kurekebisha huko juu, na mnyororo ukafunikwa wote usile mchanga. Kwa maneno mengine, walitutukana kistaarabu. Wachina wakaiga injini ile, na uzao wake ndio uliobeba bodaboda zetu za mwanzo, kabla Boxer na TVS za Wahindi hazijatawala vijiwe. Leo mzigo ambao wahandisi wale hawakuuota, magunia ya alizeti na abiria juu yake, unapita Bahi kwenda Manyoni kila siku. Huku pikipiki isiyozidi cc 250 haina shaken kabisa, maana yake Boxer ya kijana wa Nkuhungu ingekuwa huru kuliko gari la meneja wa benki. Lakini anayenunua pikipiki mpya huku, kwa wastani, amepita miaka 50. Ni mzee mwenye jaketi la ngozi ambaye Jumapili huenda mlimani, hunywa kahawa, hurudi, huifunika kwa turubai. Ni starehe yake halali, na Mungu amzidishie. Ila pikipiki ile haijawahi kumdai chochote.

Najua mtakachosema, kwa sababu Wagogo hamshindwi kujibu. Mtasema: tunapenda nini, tunalazimika tu, tukipata fedha nasi tutatupa. Hoja nzito, lakini kama ingekuwa kweli, kila mtu angeishia kwenye cha lazima. Umaskini haumlazimishi mtu kununua nyuzinyuzi za rangi za kuning'iniza kwenye mpini wa bodaboda, kushona kava jipya la siti, kufunga redio yenye taa za bluu, na kumlipa mchoraji aandike usemi nyuma kwenye kinga tope. Wala haumlazimishi mtumishi wa Area D kuosha gari kila Jumapili katika mji ambao maji ya Mzakwe huja kwa ratiba, akijua kwamba kabla hajafika Ihumwa vumbi litakuwa limekwisha kuandika jina lake kwenye boneti. Hapo hakuna hesabu inayokubali. Ni mahaba.

Wengine watauliza kama Japani haina wendawazimu wa magari. Wako, tena wa hali ya juu. Usiku wa mwisho wa wiki hukusanyika Daikoku, maegesho ya barabara kuu kule Yokohama, wanafungua maboneti na kutazamana injini mpaka polisi wawafukuze. Wanalipa fedha za kutisha kwa AE86, ambayo tukiacha ushabiki ni Corolla ya miaka ya 1980. Mnajua ndugu zake wamefanya kazi gani Kondoa. Lakini mfano wangu ninaoupenda ni Land Cruiser ya sabini. Tangu mwaka 1984 gari hilo limebeba wagonjwa, chanjo, mapadri na maofisa mifugo kote nyanda za kati, na lenye injini ya 1HZ hutengenezeka popote penye spana na mtu mwenye akili. Mwishoni mwa mwaka 2023 Toyota walilirudisha sokoni Japani, safari hii kwa gia otomatiki, na wanaume wa mjini wakapanga foleni ili wakapige nalo picha kando ya mto. Sitaki kusema hawalipendi. Nasema wanapenda sifa ambazo gari lile lilizipata kwetu.

Pingamizi la tatu silichekei. Mtu atasema: mapenzi yenu yanaua. Na kweli, pale fundi anapoibana paipu ya breki ya tairi moja kwa koleo ili mafuta yasivuje, halafu familia nzima ikateremka mlima Sekenke na breki tatu, sina utetezi. Altaneta ikisukwa vibaya, unalala njiani. Breki ikiungwaungwa, wanalala wengine, na wengine hao hawakuwa na mapenzi yoyote na gari lenu. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haishiki nati. Kwa hiyo hoja yangu inakatwa mguu mmoja na ninaukubali mkato: breki, usukani na matairi yaondolewe kwenye mapenzi yakabidhiwe kwa yule Mjapani wa kinyundo, kila mwaka, bila kujuana na bila soda. Yaliyobaki, yaani injini, umeme, siti, redio na yule mama wa kadi, abaki nayo fundi wa mwarobaini.

Sasa orodha. Mjomba, Noah iko, lakini ilikaa Hokkaido. Usiniulize bei kabla hujaona picha ya uvungu. Shangazi, IST haitengenezwi tena tangu mwaka 2016, kwa hiyo ukiambiwa ni mpya, aliyekuambia ni dalali. Shemeji, gari lisilokunywa mafuta kabisa liko, ni la betri, na swali lako linarudi kwako kwa umbo la umeme. Lolote litakalokuja, kwenye kabati la mbele kutakuwa na kitabu cha matengenezo chenye mihuri ya kila sevisi na kila filta tangu siku lilipotoka kiwandani. Mkitunze, mtafute anayekisoma. Nasisitiza mapema kwa sababu jalada lake ni karatasi ngumu safi kabisa, na fundi akilitia jichoni, siku hiyohiyo limekuwa gasketi.