Jinsi ya Kusoma Humanite Wakati wa Vakansi Bila Kutoka Katanika

Wewe wa mwaka wa tatu, Latini-Filo au Pedagojia, sikiliza. Huko Marekani vyuo vikuu hupokea wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo, wakasoma historia, falsafa na fasihi kwa wiki kadhaa, na ada mara nyingi hufika maelfu ya dola. Programu ya Katanika, hapa kwetu karibu na Kalemie, inadai daftari moja, kalamu mbili (moja itaazimwa na haitarudi) na bibi. Kama huna bibi, tafuta wa jirani. Wako wengi na wanapenda kusikilizwa.

Anza na mto Lukuga. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika mdomoni mwake akasema hapa ndipo maji ya Ziwa Tanganyika yanapotokea. Mwaka 1876 akaja msafiri mwingine, Stanley, akakuta matope na matete yameziba, akamkatalia. Mwaka 1879 mmishonari Hore akaukuta unatoka kwa kasi. Nani alidanganya? Usijibu leo. Ziwa hupanda na kushuka. Mdomo huziba, kisha maji huuvunja. Kila mmoja aliandika alichokiona siku yake. Ukishaelewa hilo, umeshaanza kuwa mwanahistoria, na Septemba hata haijafika.

Sasa nenda ufukoni asubuhi, ndagala wakiwa bado wanaanikwa. Uliza wazee: mlipokuwa watoto, maji yaliishia wapi? Swali lina uzito, maana miaka hii ziwa limeingia hadi ndani ya nyumba za watu Kalemie. Mzee akiwa anashona wavu, kwanza mshikie wavu uvutike vizuri, maswali baadaye. Mmoja atakuonyesha mwembe, mwingine atasema hapana, ni pale penye jiwe. Andika yote mawili, kila moja na jina la aliyesema. Usifute la yule usiyempenda.

Wanafunzi wengine huniambia fikra ziko mbali, Lubumbashi au Ulaya. Basi wajue Stefano Kaoze. Alisomea Mpala, kusini mwetu kwenye ufuko huuhuu, na mwaka 1910 na 1911 jarida moja lilichapisha andiko lake la Kifaransa juu ya saikolojia ya Wabantu, miaka kadhaa kabla ya kupewa upadre mwaka 1917. Aliandika juu ya watu aliozaliwa kati yao. Mimi jambo hilo linanipa nguvu kila ninapofungua daftari.

Kuna sehemu moja ya kwenda polepole. Mwaka 2017 Katanika ilipokea familia nyingi zilizokimbia mapigano kati ya Batwa na Baluba. Usiingie kwa mama wa watu na kumwuliza waliuawa wangapi. Uliza kitendawili cha kwao, au sombe ya kwao inapikwaje. Mama akitaka kusema zaidi, atasema, na hapo weka kalamu chini kwanza. Maneno mengine yanaandikwa kwa ruhusa.

Siku ya mwisho ya vakansi, rudi kwa bibi na daftari. Msomee kwa sauti, taratibu, kwa Kiswahili chake, si cha shule. Akikukatiza na kusema “hapana, haikuwa hivyo”, toa ile kalamu iliyobaki.