Jinsi ya Kuvaa Mtumba Hadi Uulizwe Fundi Wako ni Nani

Anza kwa kula. Mwenye njaa hachagui nguo, hukamata iliyo karibu ili aondoke juani. Kunywa chai, vaa kitu chepesi kinachobana mwili ili ujaribishie nguo juu yake bila kutafuta mtu wa kukuzibia kanga, weka noti ndogo mfuko huu na kubwa mfuko ule, kisha panda daladala ya Dar es Salaam ya kwenda Karume, liliko soko la Mchikichini. Nenda siku ya kazi, asubuhi. Jumamosi soko lote hujaa watu walioapa kutorudi mikono mitupu, na penye watu wa namna hiyo hata shati lisilo na kola hupata mchumba.

Ukishafika, usinunue. Zunguka. Wataita kwamba kuangalia ni bure, na ni kweli, kwa hiyo angalia mpaka ushibe. Saa ya kwanza sokoni ni ya kukataa. Mtu mwenye mtindo wake ni mtu aliyekataa nguo nyingi; anayevaa kila kinachomtosha amevaa uamuzi wa aliyefungasha belo huko Manchester au Toronto. Kabla hujatoka nyumbani, chagua rangi tatu. Tatu tu, zinazopatana na ngozi yako na zinazopatana zenyewe kwa zenyewe, na uape nazo. Bluu ya kaniki, rangi ya udongo na nyeupe iliyochujuka zinatosha kumvisha mtu mwaka mzima. Sababu ya ukali huu utaiona tukifika nyumbani, kwa maana shati la mtumba likiisha mwilini halijaisha kazi.

Sasa mkono. Kwenye fungu la sagula sagula, pale jero na buku zinapoimbwa juu ya turubai, ingiza mkono kabla ya jicho. Jicho hupenda maua. Mkono hujua kitambaa. Finya nguo kwenye ngumi, hesabu hadi kumi, achia. Pamba na kitani hutoka na makunyanzi, na hiyo ndiyo dalili njema, ingawa kuna shangazi atakayekwambia nguo nzuri haikunjamani. Poliesta tupu hutoka kana kwamba haikuguswa. Katika jiji ambalo hewa yake ni mvuke tangu Novemba hadi Machi, poliesta haikuvishi, inakupika. Kuhusu sufu, usiicheke. Sweta la sufu halisi Dar es Salaam huuzwa kwa bei ya kutupa kwa kuwa hakuna wa kulivaa, na ndugu zako wa Njombe na Makete wanalihitaji kila Juni. Mnunulie mmoja wao. Utakuwa umefanya jambo la maana kabla ya saa nne asubuhi.

Nguo ina lebo mbili. Ya shingoni, yenye jina kubwa, humsaidia muuzaji. Ya ubavuni, ile ndogo iliyoandikwa asilimia, ndiyo yako. Isome. Namba ya saizi usiihangaikie: gauni la 12 la Uingereza ni 8 la Marekani na ni 40 katika sehemu kubwa ya Ulaya, na mwili unaokwenda kulivaa ni uleule. Pima kwa mwili. Suruali izungushe kiuno chake shingoni mwako. Ncha zikikutana nyuma bila kukukaba, aghalabu kiuno kitakaa. Kisha inua nguo juani kutafuta matundu ya nondo, geuza ndani nje, tazama kwapa, kola, na kwenye jinzi tazama pale mapaja yanaposuguana. Nusa. Wanaoona haya kunusa hadharani huja kunusa nyumbani, na nyumbani hakuna wa kurudishiwa.

Wanawake wapite pia kwenye mashati ya kiume. Huko kitambaa ni kingi, mshono mara nyingi ni imara zaidi, na vifungo kukaa upande wa kulia hakujawahi kumdhuru mtu. Viatu vikague soli, kunja mara moja, vikilia acha. Nguo za ndani hazimo katika mwongozo huu: Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku, nami naliunga mkono kwa moyo wote.

Bei ina adabu yake.

"Anko, hii shilingi ngapi?"

"Kumi na tano, dada yangu. Mzigo wa leo huo, belo limefunguliwa asubuhi."

"Zipu imekufa, anko. Nikupe saba, nikatie nyingine."

"Kumi. Tangu nimefika sijauza. Niungishe."

"Tisa, na nikirudi nakuja kwako."

Ona alichofanya dada huyu. Ametaja kasoro moja, ya kweli, tena kwa sauti ya kawaida. Hakuikandia nguo, hakusema hata dekio siwezi kuifanya, hakuondoka kwa madaha akitazama nyuma. Anko alinunua belo la kilo 45 likiwa limefungwa, bila kuona kilichomo. Huenda alipolikata kamba alikuta nusu yake ni makoti ya theluji, na hasara hiyo ni yake peke yake. Punguza bei, usimpunguze mtu. Anayekumbukwa kwa wema hupigiwa simu mzigo mzuri ukiingia, na simu hiyo ina thamani kuliko elfu mbili uliyotaka kung'ang'ania.

Nyumbani, nguo isivuke kizingiti cha kabati kabla ya maji. Loweka, fua, suuza, anika juani kabisa. Halafu piga pasi, ndani na nje, hadi kwenye pindo, hata kama ni fulana ya kulalia. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au juu ya nyasi, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji. Pasi ya moto humaliza habari hiyo. Bibi zetu wenye pasi za mkaa walilijua hili bila semina.

Kisha nenda kwa fundi, na hapa naomba utulie, maana hapa ndipo mtumba unapokuwa nguo yako. Wengi huishia sokoni. Wanavaa koti lenye mabega ya mwanamume wa Ujerumani na kulalamika kwamba mtumba hauna heshima. Lenye kasoro ni koti ambalo halijaambiwa limebadilisha mwenyewe. Jifunze kinachowezekana: kupunguza kiuno ni rahisi, kupandisha pindo ni rahisi zaidi, kubana ubavu na kufupisha mikono kunawezekana. Mabega ni kesi. Kuyashusha kunataka kubandua mkono mzima na kuushona upya, na mafundi wengi watakubali kazi hiyo kwa sababu ya ustaarabu tu. Kwa hiyo sokoni chagua mabega, mengine mwachie fundi. Ukitaka kupanua, geuza nguo utazame akiba ya kitambaa kwenye mshono. Ikiwa ni upana wa kidole, kuna matumaini.

Mpelekee fundi nguo moja inayokukaa vizuri, umwambie apime juu ya hiyo. Ni bora kuliko maneno, kwani "bana kidogo" ya mteja na "bana kidogo" ya fundi zimeshavunja urafiki mwingi. Badilisha vifungo. Hakuna gharama ndogo inayoleta mabadiliko makubwa kama hiyo: vifungo sita vya kifuu kwenye shati jeupe la buku mbili, na mtu atakuuliza ofisini umeshonesha wapi. Taja jina la fundi wako, na kibanda chake kilipo. Usimfanye siri.

Nasisitiza fundi kwa sababu nyingine pia. Pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa haijasokotwa, na shati la pamba hutufikia likiwa limeshavaliwa na mtu mwingine. Kiwanda cha Urafiki kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China miaka ya 1960 kilikuwa jibu moja, na jinsi kilivyodorora baadaye inajulikana na kila aliyepita Barabara ya Morogoro. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza mavazi huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Nchi nyingine zilirudi nyuma. Mimi sina ugomvi na Rwanda, walisimamia walichosema. Lakini wakati wakubwa wakiendelea kuzungumza, kila mtumba unaopita kwenye cherehani huacha pesa kwenye mtaa wetu na kumfanya kijana mmoja azidi kujua kukata na kushona. Na siku tutakapovaa tena shati la pamba yetu, atakayelishona ni huyo. Basi mlipe siku uliyosema utamlipa. Kitenge na kanga vinunue dukani vikiwa vipya, umpe yeye avikate.

Tuje nyumbani sasa. Nazungumza na mwenye chumba na sebule, au chumba peke yake chenye pazia katikati, kwa kuwa ndiko wengi tunakoishi. Usipambe nyumba. Pamba kona. Nyumba nzima inataka mshahara. Kona inataka Jumapili moja. Chagua ile unayoiona kwanza ukifungua mlango jioni umechoka, uimalize, halafu ukae nayo mwezi mzima kabla ya kugusa nyingine.

Wajenzi wa Lamu walilifahamu hili kitambo. Katika nyumba za mawe za karne ya 18 ukuta wa chumba cha ndani umechongwa zidaka, yaani vishubaka, safu kwa safu, na humo waliweka sahani na bakuli za kauri zilizokuja kwa majahazi. Vitu vya kutoka mbali, kama mitumba yetu, ila kila kimoja kilikuwa na mahali pake na ukingo wake wa chokaa. Tazama sasa shokesi ya sebuleni: glasi thelathini zimebanana, bado zina stika, zinamsubiri mgeni asiyetajwa jina. Zitoe. Bakiza tatu unazozipenda, ziachanishe, na zilizobaki zinywee maji leo. Mgeni mkubwa wa nyumba ni wewe uliyelipa kodi.

Mapazia mazito ya mtumba, yale yenye bitana, yalishonwa kuzuia baridi. Ukiyatundika Temeke unazuia upepo, kitu pekee tunachopata bure. Nunua shuka la pamba badala yake. Mashuka ya mtumba ni mazuri ajabu kwa sababu yamefuliwa mara nyingi mpaka yamelainika. Lipasue katikati, pinda juu, pitisha fimbo. Mwanga unaingia, jirani haoni, upepo unapita.

Na hapa ndipo zile rangi tatu zinapolipa. Shati lililochakaa kola lina mgongo mzima na kifua kizima. Kata mraba wa mbele na mraba wa nyuma, shona pande nne, na umepata foronya ya mto yenye vifungo vyake tayari: unafungua, unatoa mto, unafua. Miguu ya jinzi ikiunganishwa hufunika kigoda. Kwa vile kila ulichowahi kununua kilikuwa bluu, udongo au nyeupe, mito hiyo haitagombana na pazia, wala pazia na nguo zilizotundikwa msumarini nyuma ya mlango. Chumba kimoja hakina kabati la kuficha makosa, kwa hiyo nguo zako ni sehemu ya mapambo upende usipende. Zitundike kwa kupanga.

Chini tandika mkeka wa ukindu, ambao si mtumba na haufai kuwa mtumba, ununue kwa aliyeusuka. Kiti tafuta kikuukuu cha mninga kwa mtu anayehama, kiwe kimelegea viungo. Mafundi wa Keko watakigonga, watakipiga msasa na vanishi, na kitawakuta wajukuu zako. Kile kipya cha mbao laini kilichopakwa rangi ya mninga hakitamaliza mkataba wako wa pango. Taa iweke chini, kando ya kiti, usiku zima ile ya darini. Ukutani weka kitu kimoja. Mtu akija akakuuliza mbona ukuta mwingine mtupu, mwambie unapumzika.

Kuna siku mto nao utaisha, au shuka litachanika pale pa kupitishia fimbo. Usitupe. Kata vipande vya ukubwa wa taulo la mkono, pinda pembeni visichambuke, vitundike jikoni na ukumbini: hayo ni madekio ya miaka miwili. Angalia tu viwe vya pamba. Dekio la poliesta halinyonyi, linatembeza maji kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine.