Skuta Iliyofunga Ramadhani

Vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa vilikatwa kwa kipimo cha watu wawili na punda mmoja, na punda akiwa na mzigo, mmoja wa hao wawili ndiye atakayerudi nyuma. Tuktuk hupenya kwa ujuzi. Gari hupenya kwa kiburi, kisha hukwama pale Ndia Kuu inapobana, na mtaa mzima huinuka barazani kutoa amri: kata kulia, rudi, kata tena, simama! Dereva huwatii wote kwa pamoja na kioo cha pembeni hubaki ukutani. Kwa hivyo mtu anayekaa huku, na ambaye magoti yameanza kumdai haki zake, chombo kinachomfaa ni kidogo, chembamba, kisicho na kelele wala moshi wa kuingia dirishani kwa Bi Mkubwa aliyekwisha anika nguo zake.

Mwaka 2023 petroli ilipita shilingi 200 kwa lita, na Septemba ya mwaka huohuo Rais William Ruto akaja hapahapa Mombasa kuzindua pikipiki za stima. Nikavutiwa. Ila pikipiki ni ya kijana mwenye haraka zake. Mimi nilitaka skuta: kiti cha mtu mmoja na nusu, ubao wa kuwekea miguu, kikapu mbele cha kutilia mkate wa mofa. Binamu yangu aliyeko Dubai alikuwa nayo moja, ya volti 48, akasema ataniuzia bei ya kindugu. Bei ya kindugu ni bei ya dukani ukiongeza lawama. Ikafika Julai 2024 ndani ya kontena, katikati ya mazulia, sufuria na majokofu ya watu.

Julai ni kusi. Upepo unavuma, mawingu yanapita, jua lina adabu. Skuta ikaruka. Nilikuwa nikipita Makadara nimeinua mkono mmoja kusalimia watu, jambo ambalo mwanamume wa umri wangu halifanyi akiwa juu ya bodaboda.

Kisha ikaja kaskazi. Wageni huambiwa kuwa Desemba ndio mwezi wa joto, kwa kuwa ndipo wanapokuja na ndipo wanapoungua. Wenyeji tunajua balaa lenyewe ni Februari na Machi, kaskazi ikiwa inaaga na kusi haijashika njia. Upepo umekufa, nyuzi 33 kivulini, na unyevu unaoligandisha shati mgongoni kabla hujafunga kifungo cha mwisho. Kuta zetu za mawe ya matumbawe hulinywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Hapo ndipo skuta ilipoanza vituko.

Alfajiri, salama. Saa tatu asubuhi, salama. Ikifika saa saba mchana, nakunja eksileta hadi mwisho na chombo hakina habari nami. Kipimo cha betri kinaonyesha vipande vitatu kati ya vinne, taa zinawaka, honi inalia vizuri kabisa. Honi haikupungua nguvu hata siku moja. Mwendo ndio haukuwapo. Pale Nkrumah Road mzee mmoja mwenye mkongojo alinipita, akanitolea salamu, akawaulizia watu wa nyumbani kwangu mmoja mmoja, nikamjibu, akaaga, akatangulia.

Aibu kubwa zaidi ilinikuta juu ya Daraja la Nyali. Nilikuwa natoka Kongowea na nazi na ndizi mbichi za futari, kwani Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, mwezi huohuo wa kukaangwa. Daraja hili lilifunguliwa 1980. Kabla yake kulikuwa na lile la kuelea, la tangu 1931, lililolala juu ya maji bila kilima chochote. Wahandisi waliosifiwa kwa kuliinua hili jipya hawakumfikiria mtu mwenye skuta, swaumu na nazi. Mwinuko ulipokaza, chombo kikapungua, kikapungua tena, nikakisaidia kwa mguu mmoja, kisha kwa miwili, kisha nikashuka. Matatu ikapunguza mwendo ubavuni kwangu na makanga akatoa kichwa:

"Mwalimu! Hiyo waipanda ama yakupanda?"

Gari zima likacheka. Baadhi ya vile vicheko nilivitambua, maana wenyewe niliwafundisha.

Buxton nikamkuta hamali na mkokoteni mtupu. Alizunguka skuta, akaibonyeza gurudumu, akasema mia mbili, nazi atazichukua bure. Tukaingia mtaani hivyo, skuta imekaa juu na mimi nyuma nikisukuma, kwa sababu bei ile, kumbe, haikuwa na msukumaji wa pili. Kwa haki ya historia, kusukumwa si jambo geni hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla motokaa hazijazoeleka, wakubwa wa serikali ya kikoloni walizunguka kisiwa hiki ndani ya vigari vyenye kipaa, juu ya reli nyembamba, kutoka huku Mji wa Kale hadi Kilindini, na injini yake ilikuwa watu waliovisukuma kwa mikono na kudandia nyuma mteremko ulipowajia. Mombasa basi imekwisha kuona mtu akisafiri kwa jasho la mwenzake. Kilichowashangaza watu wa barazani ni kuona msafiri mwenyewe ndiye anayesukuma, na gari ndilo lililokaa.

Usiku, baada ya tarawehe, kesi ikaletwa barazani. Muuza kahawa alisimama na dele lake mkono mmoja, vikombe vikigongana katika mkono wa pili, na kila aliyekuwapo akapewa nafasi ya kutoa uganga wake. Wa kwanza akasema ni kijicho. "Wapita Makadara wapunga mkono, na mashallah hakuna anayekwambia. Wataka iweje?" Wa pili akaniangalia kuanzia kifuani kushuka chini, akasema hizi skuta za Kichina zina kipimo cha uzito, na pilau haina. Wa tatu, ambaye mwanawe ana tuktuk, alieleza habari za kabureta kwa undani sana. Skuta ya stima haina kabureta, lakini tulimwacha amalize. Usiku wa Ramadhani ni mrefu.

Palikuwa na ami mmoja, nahodha mstaafu, aliyekuwa kimya muda wote akitafuna tende.

"Mwalimu, hichi chombo asubuhi chaenda?"

"Chaenda, Ami."

"Adhuhuri?"

"Chalegea."

"Na jua likizama?"

"Charudi nguvu."

"Chatoka wapi?"

"Dubai, Ami."

Akatema kokwa mkononi, akaliangalia. "Basi usikitese. Chafunga hicho."

Tangu usiku ule skuta ikapata heshima ambayo mimi sikuwahi kuipata mtaani. Watoto wa madrasa walikuwa wakiigongea taa na kuiuliza kama iliamka daku. Khalti wangu akatoa rai kwamba kukisukuma chombo kilichofunga ni thawabu. Mwenyewe hakuisukuma.

Nikampelekea binamu ujumbe wa sauti. Jibu lake lilikuja kwa majivuno: huko kwao joto hufika nyuzi 45 na skuta haijawahi kumtia haya, labda ni barabara zetu. Nyuma ya sauti yake nikamsikia mkewe akiuliza, "Lini uliipanda mchana?" Ujumbe ukakatika hapo. Tulipozungumza vizuri ikabainika kwamba aliitumia kwenda kununua mkate baada ya isha, na mchana kutwa ilikuwa sebuleni chini ya kiyoyozi, inaishi vizuri kuliko sisi sote.

Mchana uliofuata, Bi Mkubwa jirani alipoona nimekwama tena mlangoni kwake, alitoka na gunia lililoloweshwa akalilaza juu ya ubao wa miguu, ambapo chini yake ndipo betri ilipo. Mjukuu wake akaja na kipepeo cha jikoni akaanza kupepea. Mtu mwingine akaongeza vifuko vya barafu vya kupozea sharbati ya futari. Baada ya nusu saa hivi nikapanda, na chombo kikanichukua hadi Ngomeni bila kusita, maji ya barafu yakinitiririkia viatuni. Wengi waliona ni muujiza. Nahodha alitaka tu kujua kama swaumu yake ingali sahihi, akaamua mwenyewe kwamba maji ya nje hayabatilishi.

Mimi nikaona ushahidi. Kama barafu yamrudishia mgonjwa nguvu, basi maradhi ni joto, na kijicho hakihusiki. Nikampelekea fundi mmoja wa Bondeni, kijana wa maneno machache anayetengeneza simu, feni na redio za tuktuk juu ya meza moja. Hakukimbilia bisibisi. Aliuliza tu: hupungua saa ngapi, ikipoa hurudi yenyewe, hulegea zaidi mlimani? Kisha akaliinua gurudumu la nyuma juu ya kreti ya soda na kutoa mita yake.

Betri ikapona jaribio la kwanza. Ya volti 48 kama ile, alisema, huwa na seli 13 zilizofuatana, kila moja ikijaa ina volti 4.2, jumla 54.6, na yangu haikuwa mbali na hapo. "Lakini ikiwa imetulia kila betri ni nzima, Mwalimu. Hata mimi nikiwa nimelala sina ubaya." Akakunja eksileta huku ameibana breki, gurudumu likawa linapigania kuzunguka, na ncha mbili za mita akaziweka upande huu na upande huu wa plagi inayounganisha betri na kontrola. Plagi nzima haimezi volti ya maana. Hii ilikuwa inameza. Akaigusa kwa mgongo wa kidole, akauvuta mkono haraka.

"Stima yako haipotei. Hapa yageuka moto."

Alipoichomoa niliona mwenyewe: vidole vya shaba vimeota kutu ya kijani, ileile ya hewa ya chumvi inayokula misumari ya milango yetu, na ukingo wa plastiki uliokuwa mweupe umekuwa wa kahawia na kujikunja. Kutu huzuia stima, kuzuiwa huleta joto, joto hulegeza plagi, na kulegea huleta kuzuiwa zaidi. Ukiongeza jua la Machi juu yake, huo ndio mwendo wa mzee mwenye mkongojo kukupita.

Akafungua kiti. Chini yake kontrola ni kiboksi cha alumini chenye mapezi mgongoni, na mapezi yale yamewekwa ili kipumue. Hiki hakikuwa kikipumua. Pande zote kilikuwa kimesindikwa sponji nene la manjano, lililotiwa huko Dubai ili kisigongegonge safarini, na upande uliogusa alumini ulikuwa umeiva hadi kuanza kumeguka. Fundi akalivuta lote, likatoka na harufu ya kitu kilichosahauliwa jikoni.

"Mwalimu, hii ni godoro."

Nikamwambia naona.

Ndani ya kontrola, na ndani ya betri pia, mna vipima joto vidogo. Joto likizidi, vinatoa ishara stima ipunguzwe kabla kitu hakijaungua. Seli za lithiamu kwa kawaida huruhusiwa kutoa umeme hadi karibu nyuzi 60, na kuchajiwa mwisho wake ni 45 hivi. Chombo kilichoachwa juani, chenye plagi inayochemka, godoro kiunoni na mtu wa pilau mgongoni, kikipandishwa daraja saa saba mchana hufika huko upesi, na kinachofanya basi ni kujinusuru. Habari za barafu fundi hakuzipenda kabisa. Maji yakipenya ndani ya betri, tena haya yetu ya chumvi, yataunganisha visivyotakiwa kuunganishwa, na moto wa lithiamu hauzimwi kwa gunia. Chaja nayo nisiichomeke ninapofika tu kutoka juani, niache kwanza betri ipoe kivulini.

Akaikata plagi ile, akatia mpya iliyo nene, akaipaka grisi kuikinga na hewa ya bahari. Kontrola akaikaza kwenye chuma cha fremu, ili chuma kilinyonye joto lake. Alinidai kidogo kuliko nilivyokwisha kuwalipa mahamali. Sponji akalibakiza, na nilipopita siku nyingine nikamwona amelikalia.

Kumi la mwisho la Ramadhani likanikuta na chombo kizima. Mchana, saa saba na kitu, jua la utosi, nikaingia Kibokoni kutoka Makadara kwa mwendo wa Julai. Nilitarajia watu wapige makofi. Baraza lote likanyamaza. Nahodha akavua miwani, akaipangusa kwa kikoi, akaivaa tena. Kisha mtoto mmoja wa madrasa akapiga ukelele:

"Kobe!"

Wenzake wakadakia. Kobe! Kobe! Wakaikimbiza skuta mtaa mzima, wakiizomea kwa jina la wanaokula mchana wakijificha, na kila nilipopiga honi wakazidisha. Nikasimama barazani kuitetea. Nikaeleza plagi, nikaeleza sponji, nikaeleza nyuzi 45 na nyuzi 60, na habari za mapezi ya alumini. Nahodha alinisikiliza hadi mwisho bila kunikata.

"Nimefahamu, Mwalimu. Sasa hizi siku inazokula, italipa lini?"

Khalti akajibu badala yangu, kutoka dirisha la juu. "Iacheni mpaka mwezi wa saba. Kusi ikishika hata kiu haioni."