Mashine Isiyotaabishwa
Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, alipendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali yanayohusishwa kwa thamani zilizomo, ili anayeuliza aeleze tu anachotaka na kuiachia mashine kazi ya kukitafuta. Mwanafunzi wa leo wa kuandika programu, kwa kuwa ana huruma na mashine, huagiza jedwali zima lenye safu milioni moja, kisha hulipekua mwenyewe kwa kitanzi, yaani amri inayojirudia, hadi ampate mteja mmoja. Ufunguo wa kigeni, ambao hulifunga jedwali moja na jingine, ameufuta kwa sababu ulikataa kupokea oda ya mteja asiyekuwapo. Na tangu hapo, haki isemwe, programu haijalalamika tena, ingawa mhasibu ameanza.