Sifa za Maji ya Kutu
Petroli ina wapenzi, oili ina watetezi, na hata maji ya betri yana heshima yake, lakini katika vimiminika vyote vinavyoishi ndani ya gari hakuna kinachosemwa vibaya kama maji ya kutu, yaani yale maji mazito ya rangi ya ukwaju yaliyokaa miaka mingi ndani ya rejeta ya pikapu kuukuu. Haki inadai yatetewe kabla fundi hajafungua koki.

Kwa nasaba, makazi yake ni ya ukoo bora. Rejeta ya sega, ambayo ndiyo iliyoyapa magari njia ya kupoza maji mengi katika nafasi ndogo, ilibuniwa na Wilhelm Maybach na kutumika mwaka 1901 katika Mercedes ya nguvu za farasi 35, ikiwa na vijibomba 8,070 vya kupitishia hewa. Maybach alihangaika kupanua eneo la kupozea. Maji ya kutu, kwa subira isiyojua kuchoka, hulipunguza. Huzaliwa pale chuma cha bloku, yaani lile pande lenye silinda, kinapokutana na maji, oksijeni na joto, na yakiongezewa maji ya kisima hupata chokaa, ambayo hujibandika kwenye kuta za njia za maji na kuzuia joto la injini lisitoke. Wapo watakaoiita hiyo dosari, ingawa katika zama hizi za ubadhirifu wa nishati, kimiminika kinachokataa kutupa joto ovyo kilistahili nishani.

Wema wake kwa jamii huonekana zaidi Kitonga, ule mlima wa barabara ya Morogoro kwenda Iringa, ambapo pikapu iliyosheheni saruji hupanda kwa gia nzito huku mshale wa joto ukiisogelea alama nyekundu. Maji safi yangempitisha dereva hapo bila hata salamu. Maji ya kutu humsimamisha, humfungulisha boneti, huwaita wapita njia wenye madumu, na huzua mjadala mrefu wa kama mfuniko ufunguliwe sasa au baadaye. Jibu ni baadaye, kwa sababu mfuniko wa rejeta una springi inayobana mgandamizo wa kiasi cha baa 0.9, unaoyawezesha maji kukaribia nyuzi 120 za selsiasi bila kuchemka, na anayeufungua gari likiwa la moto huyaalika yamrukie usoni. Dereva akikaidi kusimama, silinda hedi hupinda, gasketi huungua, na nyumbani kwa fundi huliwa pilau katikati ya wiki.

Kuyafukuza maji haya ni kazi isiyo na shukrani, nayo hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa. Hufunguliwa koki iliyo chini ya rejeta, kisha plagi ya ubavuni mwa bloku, ambayo wengi huiruka kwa kuwa imeshikwa na kutu, na kwa huruma hiyo sehemu nzuri ya wakazi wa zamani husalia ndani. Themostati, yaani valvu ndogo ya nta inayobana njia ya maji hadi injini ifikie joto lake la kazi, mara nyingi nyuzi 82 hivi, hutolewa. Ndipo maji ya mpira huingizwa kwa njia ya chini ya rejeta yatokee juu, kinyume cha mkondo wa kila siku. Hutangulia magamba meusi, hufuata tope, kisha maji ya manjano, na uvumilivu wa fundi aghalabu huishia hapo kwenye manjano.

Kinachotiwa badala yake ni kuleti, ambayo kwa kawaida ni ethilini glaikoli yenye dawa za kuzuia kutu, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Humiminwa taratibu, hita ikiwa imefunguliwa na mpira wa juu ukiminywaminywa ili mapovu yatoke, na kiasi kilichoingia hulinganishwa na kilichotoka, kwani kinachopungua ni hewa iliyojificha. Kuleti hiyo ni tamu na ni sumu, hata mbwa au mtoto akiilamba inaweza kumharibu figo na kumuua. Mshindani wake, pamoja na uchafu wake wote, hana kishawishi cha utamu.

Hoja nzito kuliko zote huja siku chache baadaye. Rejeta ya shaba iliyozeeka huwa na vitundu ambavyo kutu ilikuwa imeviziba bila malipo, kazi ambayo madereva wengine huiombea msaada wa ute wa yai au pilipili manga, na kutu ikishaoshwa kuleti mpya huanza kudondoka chini ya bampa. Mwenye gari humlaumu fundi, fundi huilaumu kuleti, na rejeta hupelekwa kulehemiwa. Ikirudi hutiwa maji ya kisima, ya kujaribia tu, mpaka pesa ya kuleti nyingine ipatikane.