Namna ya Kumlea Kijana Asikuzidi

Kumlea kijana kikazi ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyoikuza. Si lazima uijue kazi yenyewe sana, wala si lazima umjue kijana. Unachohitaji ni umri, kiti cha mbele, na mtu mmoja anayekuamkia kwa unyenyekevu wa asiye na ajira. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 ilimweka kijana kati ya miaka 15 na 35, lakini wewe usibanwe na makaratasi. Hata mwenye miaka 41, mke na watoto watatu, bado ni "kijana wangu" ilimradi shida zake hazijaisha.

Anza na nasaha, na uzitoe nyingi. Watu wa fasihi watakukumbusha kwamba Mwana Kupona binti Msham wa Pate naye alimuusia bintiye, mnamo 1858, katika beti 100 na ushei. Kweli, ila yeye alikuwa mgonjwa na alijua hana muda. Wewe ni mzima, kipaza sauti unacho, na chakula cha semina hakiletwi hadi saa nane. Huna sababu ya kubana maneno. Gusia kujitambua, gusia fursa, kisha shuka kwenye lile neno tamu kuliko yote: jiajiri. Neno hili hunoga likitoka kwa mtu ambaye hajawahi kukosa mshahara wa mwisho wa mwezi. Akitokea mtovu wa nidhamu akauliza mtaji ataupata wapi, mjibu kwamba mtaji wa kwanza ni akili, halafu uombe swali lingine kutoka upande ule wa akina dada.

Historia yako ni silaha, itumie kwa uangalifu. Kama ulitoka Chuo Kikuu cha Mlimani mwanzoni mwa miaka ya 80, simulia ulivyotembea kwa miguu kwenda shule ya msingi, ulivyosomea kibatari, ulivyokula uji wa unga wa njano. Hayo yote yasimulie kwa kirefu. Pale tu hadithi inapokaribia siku ya kumaliza chuo, kohoa na urukie kwenye cheo chako cha pili, maana katikati pana mambo yasiyofaa masikioni mwa vijana: kwamba serikali ilikusomesha, na kwamba ulipomaliza ikakupangia kituo cha kazi. Kijana aliyesoma kwa mkopo, ambaye siku akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kuurudisha, anaweza kuanza kupiga hesabu. Hesabu huharibu nasaha.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe, na hapa naomba tuende gereji, maana hakuna chuo cha ulezi kinachoifikia. Tazama fundi mzoefu chini ya mwembe, amefungua boneti ya gari dogo la abiria. Dogo wake, mwaka wa tatu sasa, ana ndoo ya petroli na brashi, anaosha spea. Ameosha spea mpaka vidole vimepauka. Fundi anafungua kava la vali, dogo anasogea. Fundi anashika spana, dogo anainama, shingo imerefuka. Ndipo fundi, bila kugeuka, anasema, "Dogo, kimbia kwa mama pale uniletee chai, na vitumbua viwili, uangalie visiwe vya jana." Dogo akirudi na chupa ya chai, tapeti zimeshasetiwa, kava limefungwa, injini inaunguruma vizuri. "Umeona?" anauliza fundi. Dogo anajibu, "Nimeona, fundi."

Huo ndio ulezi. Kijana yupo kazini, anaheshimu, anachoka, na kile kijumba cha siri kinachomlisha fundi hakijaguswa. Ofisini hakuna petroli, lakini kanuni ni ileile. Kijana wa mafunzo kwa vitendo akifika na barua yake ya chuo, mpe mashine ya fotokopi. Wiki ya pili mpandishe cheo, awe anapeleka mafaili ghorofa ya juu. Akisogeza kiti ajifunze namna unavyosuluhisha hesabu za benki, geuza kioo cha kompyuta kidogo tu, kama mtu anayekwepa mwanga wa dirishani, umuulize kama amekwishakula. Mwishoni mjazie fomu kwa ukarimu: nidhamu, vizuri sana, mahudhurio, vizuri sana, ujuzi alioupata, vizuri.

Taarifa nazo zinatoka kwa kipimo. Huyo dogo wa gereji usimwambie kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa vyeti. Akiwa na cheti atatafuta gereji yenye sakafu. Wala usimtajie kwamba halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Akishajua ofisi ya maendeleo ya jamii iko wapi, atakwenda kuwasumbua wao, nawe utabaki na nasaha zako bila msikilizaji. Mtumie badala yake picha ya simba yenye maandishi kuhusu kuamka mapema. Itume saa kumi na moja alfajiri, ajue uko macho.

Suala la kumuunganisha na watu ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu haligharimu kitu na hivyo hushawishi. Simu moja tu kwa mtu unayemfahamu, "kuna kijana wangu hapa, nimeiona kazi yake," inaweza kumfungulia mlango aliougonga mwaka mzima. Ndiyo maana ni hatari. Mwambie, "Nitumie CV yako." Akituma, acha zile tiki mbili zigeuke buluu, kisha nyamaza. Baada ya wiki mbili atakuandikia: "Shikamoo mzee, samahani kwa usumbufu, nilikuwa naulizia ile habari yetu." Jibu: "Marahaba kijana wangu. Naifuatilia. Tuombe Mungu." Hapo umempa matumaini, umempa dini, na jina lako limebaki mfukoni bila mkunjo.

Jihadhari na walezi wabovu, maana wapo. Namfahamu mama mmoja wa Kariakoo anayeuza vitenge kwa jumla. Alimchukua binti wa kidato cha nne, na mwezi wa pili akamwachia kabati la fedha na daftari la wadeni, yeye akaenda msibani Tanga. Binti akamkopesha mteja asiyekopesheka. Mama aliporudi hakutoa hata methali moja. Wakakaa chini na daftari, wakatazama jina kwa jina ni nani hulipa, nani huzungusha, na kwa dalili gani. Deni lile wakaligawana nusu kwa nusu. Leo yule binti ana meza yake mtaa wa pili, anauza vitenge vilevile, na wateja wengine wamehamia kwake. Mama anasema ni sawa tu, na huwa wanaagiza mzigo pamoja ili nauli ya kontena ishuke. Kwa hasara kama hii, soko lote linaweza kuharibika.

Wewe ukifuata mwongozo, hayo hayatakupata. Bado ipo shida ndogo: wapo vijana wanaofanikiwa hata baada ya kulelewa. Utasikia kafungua gereji Mbagala, ana mafundi wanne, na siku ya uzinduzi kuna turubai na muziki. Nenda hata kama hukualikwa. Keti mstari wa mbele, omba kipaza sauti, useme huyu nimemlea mwenyewe, tangu akiosha spea. Simulia na kibatari. Halafu shughuli ikiisha mvute pembeni, umkumbushe kwamba gari lako lina mlio kwenye injini, na kwamba mtu na mlezi wake hawatajiani bei.