Tapeli Naye Kakaa Karantini

Korona ilipofunga dunia mwaka 2020, Wamarekani walikosa vingi: karatasi za chooni, vinyozi, na simu za kero. Hizi za mwisho hazikuwekewa matanga. YouMail, kampuni inayofuatilia simu zinazopigwa na mashine nchini humo, ilikadiria simu bilioni 4.8 mwezi Februari. Aprili zikashuka hadi karibu bilioni 2.9. Rais alikuwa ametia saini sheria ya kuzidhibiti Desemba 2019, lakini kirusi hakihitaji kanuni wala kamati.

Nyuma ya mashine, kumbe, kuna mtu, na mara nyingi mtu huyo hukaa kwenye ukumbi wa simu India au Ufilipino, bega kwa bega na wenzake. Machi serikali zikaamuru watu wabaki nyumbani. Tapeli aliyezoea kujiita ofisa wa kodi naye akatii sheria, pengine kwa mara ya kwanza.

Barua za matangazo nazo zilipungua kwa zaidi ya theluthi kati ya Aprili na Juni. Shirika la Posta halikushangilia: makaratasi hayo yanayotupwa bila kusomwa ndiyo yanayosaidia kulipa mishahara.

Huku kwetu, mabwana wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walishafanyia kazi nyumbani kabla haijawa fasheni. Hawana ukumbi wa kufungwa. Marekani, kumbi zilipofunguliwa, simu zikaanza kupanda tena, zikiulizia kwa upole dhamana ya gari ambalo mwenye simu hana.